Mama Mkaguzi Anajibu: Hela ya Utafiti Iko Leja Gani?

Mwezi huu barua kadhaa zimegusa jambo moja bila waandishi wake kujuana: fedha ambazo asasi binafsi zisizo na faida zinatumia kwenye utafiti. Vitabu vya asasi za namna hii nimevikagua tangu enzi za leja za karatasi, kwa hiyo nimechagua barua nne na kuzijibu pamoja. Wale wa mikopo ya kausha damu mniwie radhi, zamu yenu ni toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mama Mkaguzi. Mimi ni mhasibu wa asasi ndogo huku Mbagala. Tunafundisha vikundi vya kinamama kutengeneza mkaa mbadala kwa vumbi la mkaa, vifuu na maranda. Tumeletewa dodoso linalotaka tujaze matumizi yetu ya utafiti na maendeleo kwa mwaka uliopita: mishahara, vifaa, idadi ya watafiti, fedha zilikotoka. Mkurugenzi kasema niandike sifuri, kwamba sisi si watafiti na hatuna hata mtu mmoja mwenye shahada ya uzamivu. Lakini fundi sanifu wetu mwaka mzima alikuwa anajaribu kugandisha mkaa kwa uji wa muhogo, kwa udongo wa mfinyanzi na kwa karatasi zilizolowekwa, anapima upi unawaka muda mrefu bila moshi. Nafsi inanisuta. Nijaze nini? (Mhasibu, Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Sifuri usiiandike.

Madodoso ya namna hiyo karibu dunia nzima yanafuata kitabu kimoja kinachoitwa Mwongozo wa Frascati. Frascati ni mji mdogo karibu na Roma. Mwezi Juni 1963 wataalamu wa takwimu kutoka nchi za OECD, ule umoja wa ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, walikutana huko wakakubaliana namna ya kuhesabu fedha za utafiti, maana kila nchi ilikuwa inahesabu kwa mtindo wake. Toleo la saba lilitoka 2015. Humo ndani hutakuta mahali wanapodai uzamivu. Wanaiangalia kazi yenyewe: je, mlikuwa mnatafuta jambo ambalo bado halijajulikana, kwa ubunifu wenu, bila kuwa na uhakika wa jibu, kwa mpango na bajeti, na mkayaandika matokeo kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kurudia mlichofanya? Fundi wenu alipokuwa anachanganya uji wa muhogo na vumbi hakujua kama tofali lile litawaka au litatoa moshi wa kukimbiza jirani. Kama ana daftari la vipimo vyake, huo ni utafiti, na aina yake ni ile ya kuendeleza bidhaa kwa majaribio. Kama hana daftari, mnunulie leo hii, maana bila maandishi hapo pana mtu anayecheza na moto tu.

Sasa usivuke mpaka upande wa pili. Mafunzo ya kinamama si utafiti hata kama yamekula theluthi mbili ya bajeti. Kuhesabu vikundi vilivyohudhuria ili ripoti ya mfadhili inenepe si utafiti. Zile tathmini za katikati ya mradi, ambapo mshauri anakuja na kompyuta mpakato na kuondoka na ripoti ya kurasa tisini, mara nyingi nazo si utafiti, ingawa wenye asasi hupenda kuziita hivyo.

Mfano wa mpaka huo upo Morogoro. Shirika la APOPO, ambalo si la kibiashara, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine tangu 2000, kwanza kunusa mabomu ya ardhini, kisha tangu 2007 kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja anaweza kupita sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Ile miaka ya kujaribu kama pua ya panya inaweza kuaminiwa ilikuwa utafiti mtupu. Panya anaponusa sampuli za zahanati kila asubuhi na majibu kurudi kwa wagonjwa, hiyo ni huduma. Wakimfundisha harufu mpya ambayo hakuna ajuaye kama ataiweza, tunarudi kwenye utafiti. Panya ni yuleyule na mlezi ni yuleyule, ila mhasibu anatakiwa awe na mafungu mawili.

Tuingie kwenye hesabu. Mishahara hukuiandika kwenye barua, kwa hiyo natumia tarakimu za mfano, wewe weka zako. Tuseme fundi sanifu analipwa shilingi 900,000 kwa mwezi na theluthi ya muda wake ilikwenda kwenye majaribio: kwa mwaka ni 3,600,000. Mratibu analipwa 1,500,000 na sehemu moja ya kumi ya muda wake ilikuwa kupanga majaribio na kuandika matokeo: 1,800,000. Unga wa muhogo, vifuu na udongo wa majaribio, 740,000. Sehemu ya pango na umeme wa banda la majaribio, 600,000. Mashine ya kushindilia iliyonunuliwa kwa ajili ya majaribio tu, 4,500,000. Jumla 11,240,000.

Najua kwenye ile mashine umeshtuka. Sisi wahasibu tumefundishwa kuigawa bei ya mashine kwa miaka na kuandika uchakavu. Mwongozo wa Frascati hautaki uchakavu. Unataka bei yote ya mashine katika mwaka ilionunuliwa, na mwaka unaofuata huandiki kitu. Ndiyo maana dodoso halijazwi kwa kunakili hesabu zilizokaguliwa. Vitabu vyako vibaki kama vilivyo, lile ni zoezi jingine linalofanyiwa karatasi ya pembeni.

Kama mlipeleka sampuli maabara ya chuo kupima joto la mkaa mkalipa, tuseme, 850,000, fedha hiyo usiichanganye na ile jumla. Kazi ile imefanywa na chuo, na chuo kitaihesabu kwake. Kwenu inaandikwa katika fungu la fedha zilizolipwa nje kwa ajili ya utafiti. Nyote wawili mkiiandika kama kazi yenu, nchi itajiona imetumia mara mbili.

Kwenye idadi ya watafiti usiandike watu wawili. Wanataka muda: theluthi ya fundi na sehemu ya kumi ya mratibu, jumla yake ni kama 0.43 ya mtu mmoja wa mwaka mzima. Ndiyo, mna karibu nusu mtafiti. Msicheke, zipo asasi zenye jengo na geti zisizofikisha hata hiyo. Wewe mhasibu na mlinzi hamuingii kwenye idadi ya watu, ila sehemu ya gharama zenu inaweza kuingia kwenye matumizi mengine, kama nilivyofanya kwa umeme.

Ugumu wako hautakuwa kwenye hesabu hizo bali kwenye ile theluthi: umeipata wapi? Asasi za mji huu zinajua kutunza kumbukumbu za posho kuliko za saa. Nitakuta vocha ya pediem ya Kibiti yenye saini nne, masurufu yamerejeshwa na stakabadhi ya chai imebanwa kwa pini, lakini nikiuliza fundi alitumia siku ngapi kwenye majaribio, wanatazamana. Na katika utafiti wa asasi ndogo gharama kubwa kwa kawaida ni muda wa watu. Asasi isiyoandika muda inaufuta utafiti wake yenyewe, halafu inalalamika kwenye semina kwamba serikali haiutambui. Anzeni karatasi ya muda Jumatatu, ukurasa mmoja kwa wiki, nusu siku kwa nusu siku. Kwa mwaka uliopita kaa na fundi, pitieni daftari lake la vipimo mwezi kwa mwezi, mkadirie, kisha uandike pembeni kwamba ni makadirio na mmeyapataje.

Mkurugenzi wako akiendelea kusema ni usumbufu, mwambie nchi za Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kufikisha asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti na maendeleo. Asilimia hiyo hupatikana kwa kujumlisha madodoso kama lako. Na fungu lenu kwenye takwimu hizo ni dogo hata kwa jinsi lilivyopangwa. Vyuo vikuu vyote, viwe vya serikali au vya kanisa, vina fungu lao. Taasisi ambayo serikali ndiyo inaiongoza inakwenda upande wa serikali hata kama imesajiliwa kama asasi. Chama kinachoendeshwa kwa michango ya wafanyabiashara ili kiwahudumie wao kinakwenda upande wa biashara. Mnaobaki ndio mnaoitwa asasi binafsi zisizo na faida. Mkianza na kuandika sifuri, fungu hilo litabaki na nani?

SWALI: Mama, mimi ni mkazi wa Tandale, mama wa watoto watatu. Kila mwaka wanakuja vijana na vishikwambi kutuuliza maswali, wengine wanatoboa watoto vidole. Tunasikia miradi hiyo ni mabilioni. Sisi tunapewa sabuni mche mmoja. Hizo fedha zinaishia wapi? (Mama wa Tandale)

JIBU: Mdogo wangu, sehemu kubwa inaishia kwenye mishahara, kwenye usafiri, na kwenye maabara. Yule kijana mwenye kishikwambi analipwa kwa mkataba wa miezi michache. Nyuma yake kuna msimamizi, dereva, mtu wa takwimu, friji ya sampuli inayotaka umeme saa zote, na bima. Juu yake kuna gharama za uendeshaji, yaani pango la ofisi, uhasibu, ukaguzi, ambazo wafadhili wengi huziwekea ukomo. Gates Foundation, kwa mfano, kwa asasi huishia asilimia 15. Kwa hiyo bilioni ukiikuta kwenye vitabu haipo kwenye sanduku moja, imekatwakatwa.

Sabuni nayo ina sababu yake, hata kama hutaifurahia. Kamati za maadili hazitaki mtu alipwe kiasi cha kumfanya akubali jambo ambalo angelikataa. Unarudishiwa nauli na muda wako, hununuliwi. Mimi naona mara nyingi wanakadiria muda wa mama wa Tandale kwa bei ya chini mno, kana kwamba kibanda cha vitumbua kinajiuza chenyewe wakati yeye anahojiwa. Hilo ni la kusema kwenye mkutano wa mtaa, na lisemwe kabla mradi haujaanza, wakati bajeti bado ni rasimu.

Ila usiseme hamjapata kitu. Unakumbuka watu waliokuwa wakipita mitaani kukagua madimbwi na mitaro? Mpango wa jiji wa kudhibiti malaria ulianza 2004, na mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu ikaanza kuwekwa kwenye madimbwi katika kata 3 kati ya 15 za mpango. Kwa nini hawakuanza zote? Kwa sababu walitaka kulinganisha: kata zenye dawa na zisizo na dawa, mbu na malaria vimepunguaje. Kumwaga dawa kwenye dimbwi ni huduma ya halmashauri. Kuhesabu mbu kata hii na kata ile, na kupima damu za watoto nyumba kwa nyumba, ni utafiti, na katika kazi ile zilikuwemo taasisi za utafiti kama ya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi iliyoanzishwa kule bondeni Kilombero 1957. Waliozunguka kwenye madimbwi walikuwa wakazi wa mitaa yenyewe. Ile ilikuwa fedha ya utafiti iliyobaki mtaani.

Wakija tena, omba karatasi kabla ya kutoa jina. Utafiti wa afya unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na ngazi ya taifa kinasimamiwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mtafiti wa kutoka nje anatakiwa pia awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, wale wa pale Kijitonyama kituo cha Sayansi. Mwenyekiti wa mtaa awe na barua yao. Fomu ya ridhaa unayosaini ina namba za simu, na nakala moja ni yako, iweke pamoja na kadi za kliniki. Kukataa unaweza, hata katikati ya mahojiano, na hakuna anayeruhusiwa kukunyima huduma kwa sababu hiyo. Kisha waulize, kwa sauti ya kusikika na majirani, ni lini watarudi kutoa majibu. Kwenye bajeti za utafiti nilizopitia, fungu la kurudisha majibu kwa jamii ndilo lilikuwa la kwanza kukatwa fedha zikipungua. Mkiliulizia tangu mwanzo linakuwa gumu kukatwa.

SWALI: Habari za kazi Mama. Niko mwaka wa pili chuoni, naishi Sinza. Mwalimu wetu wa uchumi anasema kampuni inafanya utafiti ili ipate faida, serikali inafanya kwa ajili ya umma. Sasa asasi binafsi isiyotafuta faida itumie fedha kwenye utafiti kwa nini? Na wakitoa fedha wao, matokeo si yatakuwa wanayoyataka wao? (Mwanafunzi, Sinza)

JIBU: Salama kijana wangu. Mwalimu wako hajakosea, kaacha tu pengo ambalo asasi zinaingia.

Chukua malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Wanaougua ni watu wa vijijini wasio na fedha, kwa hiyo kampuni haioni soko, na serikali zenye wagonjwa hazina fedha za kutengeneza dawa mpya. Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na taasisi kadhaa za utafiti, ikiwemo KEMRI ya Kenya, walianzisha shirika lisilo la faida liitwalo DNDi. Wakapekua kemikali ambazo kampuni zilishaziacha kabatini, wakaikuta fexinidazole iliyokuwa imetelekezwa tangu miaka ya 1980. Wakaifanyia majaribio wakishirikiana na kampuni ya Sanofi, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaipitisha: vidonge vya kumeza kwa ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa sindano na dripu hospitalini. Mwaka 2023 ikapitishwa pia kwa malale ya aina yetu ya Afrika Mashariki, inayoua haraka zaidi. Mbung'o wa Serengeti hajui mgawanyo wa sekta za uchumi.

Wala si jambo la nchi maskini peke yake. Nchini Marekani mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt, mwenyewe akiwa amepooza miguu, alianzisha taasisi ya kupambana na polio. Watu wa kawaida waliichangia kwa sarafu za senti kumi. Michango hiyo ndiyo iliyomlipia Jonas Salk utafiti wake, ikagharamia jaribio la 1954 lililohusisha watoto milioni 1.8 hivi, na Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo inafanya kazi.

Swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza. Mwenye fedha hahitaji kubadilisha matokeo ili apate anachotaka, anachagua swali tu. Asasi ya Dar es Salaam inayoishi kwa ruzuku ya miaka mitatu mitatu itatafiti kile ambacho mwito wa maombi unakitaja. Mwaka huu malaria, mwaka kesho tabianchi, na mtaalamu wa udongo anajifunza kuandika neno jinsia kwenye kila ukurasa. Matokeo yenyewe yanaweza kuwa safi kabisa. Ndiyo maana ukisoma ripoti ya asasi yoyote, kabla ya muhtasari nenda ukurasa wa shukrani uone wafadhili wangapi. Aliye mmoja ana sauti kubwa mno. Halafu tazama kama asasi imewahi kuchapisha jambo lililomwudhi mfadhili wake, au hata lililoonyesha kwamba mradi haukufaa. Ukipata hata moja, wape heshima yao.

Na hatari nyingine tuliiona wote. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai USAID, lile shirika lake la misaada, ikawa haipo tena kama shirika linalojitegemea. Kwenye takwimu jambo hili lina sura ya ajabu. Utafiti huhesabiwa pale unapofanyika, kwa hiyo fedha ya nje iliyotumika Mikocheni inaonekana kama matumizi ya Tanzania, na safu ya chanzo inaandikwa nje ya nchi. Ukitazama jumla unasema nchi inasonga mbele. Ukitazama safu ya chanzo unaona nani ameshika bomba. Katika kazi zako za darasani, safu hizo mbili uzisome pamoja daima.

SWALI: Mama Mkaguzi, hongera kwa kazi. Mimi ni mzee mstaafu, nipo Kigamboni. Nina nyumba ya kupangisha inayoniingizia laki sita kwa mwezi. Nimefikiri nikifa iwe wakfu wa kugharamia utafiti wa ufugaji wa samaki, kazi niliyoipenda. Inawezekana? (Mstaafu, Kigamboni)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Inawezekana, na si ndoto ya kuchekwa. Henry Wellcome, mwenye kampuni ya dawa, alipofariki London mwaka 1936 aliacha wosia uliounda Wellcome Trust, na leo ni miongoni mwa wafadhili wakubwa wa utafiti wa afya duniani. Siri yao ni kwamba mtaji hauliwi, kinachotumika ni pato lake.

Laki sita kwa mwezi ni 7,200,000 kwa mwaka. Toa bati na rangi, toa kodi, toa miezi ambayo mpangaji amehama, hesabu kama milioni tano. Hiyo haianzishi taasisi. Ukiitumia kulipa mhasibu na kununua viti, samaki hawataiona. Inatosha kumgharamia mwanafunzi mmoja wa uzamili kila mwaka: vifaranga, chakula, vipimo vya maji, nauli ya kwenda kwenye mabwawa. Bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Weka watu watano, mmoja awe mfugaji wa kweli, na andika kwenye hati kwamba nyumba haiuzwi bila wote kukubali.

Kama wewe ni Mwislamu unajua wosia hauvuki theluthi ya mali mpaka warithi waridhie, kwa hiyo piga hesabu ya mali yote kwanza, au uanzishe wakfu ungali hai, jambo ambalo mimi ningelipenda zaidi kwa sababu utawaona wadhamini wako wakifanya kazi. Na watoto waambie sasa, mezani, wote wakiwepo. Ukishapata mwanasheria niletee rasimu ya hati niipitie kabla hujasaini.